Misafara ya magari ya spoti Nyanda za Juu Kusini: safari ipangwe kwa kumtazama dereva wa gari la mwisho

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika kutoka Mbeya, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa waratibu wa safari za pamoja za klabu ndogo ya wenye magari ya spoti. Hatuna mengi: Subaru Impreza WRX tatu, Toyota Altezza nne likiwemo langu, Mazda Roadster mbili, Mazda RX-8 moja ambayo mwenyewe huipima oili kila tunaposimama kwa kuwa injini yake ya mzunguko (rotary) hula oili kwa asili yake, na Mark X kadhaa ambazo baadhi ya wanachama hubishana iwapo zinastahili jina la spoti. Binafsi sioni haki ya kumfungia mtu mlango kwa sababu tu gari lake linabeba familia nzima bila kubanana.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kiangazi kimeingia, vikundi vipya vinaanzishwa Iringa, Njombe na Songea, na karibu kila tangazo la safari ninalolisoma limepangwa kwa kumtazama dereva wa mbele: nani ataongoza, gari gani litapigwa picha likiingia mjini, mwendo gani utashikwa. Ninachotaka kukieleza, na nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kilitukosesha usingizi, ni kwamba katika barabara zetu za milimani safari ya pamoja inapaswa kupangwa kwa kumtazama dereva wa gari la mwisho.

Tulikuwa tunakwenda Kyela, magari 14, tumekutana Uyole saa moja asubuhi. Wanaoifahamu barabara hiyo wanajua kwamba ukishaiacha Igawilo unaanza kupanda kuelekea Isongole, unapita ubavuni mwa Mlima Rungwe juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha unateremka kupitia Kiwira na Tukuyu hadi kwenye tambarare za Kyela zisizofika hata mita 600. Upande wa Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata siku ambayo Mbeya mjini kuna jua, huko juu unaweza kukuta lami imelowa na ukungu umelala barabarani. Asubuhi ile ndivyo ilivyokuwa.

Tulikwenda kwa mstari mmoja. Kabla ya Isongole tulilikuta lori la saruji linaloelekea mpakani Kasumulu, likipanda kwa shida. Magari saba ya mwanzo yalilipita palipokuwa wazi, na kwa kuwa hakuna aliyeambiwa asubiri, yakaendelea. Yaliyofuata yakapita moja moja. Akabaki kijana mmoja mwenye Roadster, leseni yake ina miezi minane, dada yake amekaa pembeni. Mimi nilikuwa nimechelewa Igawilo nikijaza upepo tairi la nyuma, nikawafikia pale bila yeye kunitambua. Kwa hesabu yake, yeye ndiye alikuwa wa mwisho na alikuwa peke yake.

Nililiona jambo lote mbele ya macho yangu. Alichungulia mara mbili, mara ya tatu akatoka, kona ikiwa bado haijafunguka. Basi likatokea ndani ya ukungu. Dereva wa lori, ambaye hadi leo ninamwombea heri, alilivuta lori lake kushoto; niliona magurudumu yakishuka kwenye changarawe na turubai likiinamia mtaro, na ile Roadster ikapenya katikati kwa nafasi ambayo nisingethubutu kupitisha pikipiki.

Tuliposimama Kiwira kijana alikuwa ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili, na kifuniko kilimshinda kufungua kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikitetemeka. Dada yake alikwenda kukaa kwenye ngazi ya duka na hakutaka kusemeshwa. Nilipomwuliza kwa nini alipita pale, hakuzungumzia mwendo wala ushindani. Alisema, "Kaka, niliogopa kuachwa. Sikujua mnasimama wapi."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia kituo kinachofuata ni kipi. Tulikuwa tumetumia wiki mbili kubishana kuhusu stika za milangoni, na kijana wa watu tukampeleka mlimani bila kumpa jina la mahali tutakapomsubiri. Kosa lilikuwa letu waratibu, nami nikiwemo.

Baada ya safari ile nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, na ninaomba mnaopanga misafara mzifuate. Chukulia gari la mbele linakwenda kilomita 80 kwa saa, na la nyuma limekwama kwa dakika tano nyuma ya lori linalopanda kwa 30. Katika dakika hizo tano pengo linafika zaidi ya kilomita nne. Dereva wa nyuma akiamua kuwafuata kwa 100, na wao wakabaki kwenye 80 yao, atahitaji zaidi ya dakika 12 na kilomita zipatazo 21 ili awafikie, mradi asikutane na lori lingine. Maana yake ni kwamba mwendo ambao kiongozi anauona wa kistaarabu unazaa mwendo wa hatari mkiani, na mara nyingi mkiani ndiko wanakowekwa wageni, kwa sababu wazoefu hupenda kukaa mbele.

Upande wa pili wa hesabu ni watumiaji wengine wa barabara. Magari 15 yanayokwenda 80, kila moja likiacha nafasi ya sekunde mbili, yaani mita 44 hivi, yanatengeneza mstari wa karibu mita 700. Basi linalokwenda 100 likitaka kuupita mstari huo wote litahitaji dakika mbili na zaidi ya kilomita tatu za barabara iliyo wazi upande wa kulia. Kati ya Uyole na Tukuyu hakuna kipande cha namna hiyo, kwa hiyo dereva wa basi atalazimika kujichomeka katikati yetu, na sisi tutamlaumu kwa kukosa adabu.

Tangu hapo tunagawanyika katika makundi ya magari manne, yasiyozidi matano, na kila kundi linaondoka dakika kumi baada ya lililotangulia. Katika kila kundi dereva mzoefu zaidi hukaa nyuma, na mgeni hukaa nafasi ya pili, mahali ambapo anamwona wa mbele anavyochukua kona na anajua wapo walio nyuma yake. Kabla ya kuwasha injini kila mmoja anataja kwa mdomo kituo kinachofuata. Zaidi ya yote, kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake na si lililo mbele: ukifika njia panda na humwoni mwenzako kwenye kioo, unasimama mahali salama hadi utakapomwona. Kanuni hii moja imeondoa ile hamu ya kukimbiza mkia, kwa sababu mtu anajua kwamba hata akiwa wa mwisho kuna mtu anamwangalia.

Niongeze jambo la injini, maana lilihusika katika tukio lile. Injini isiyo na taabo (turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Pale Isongole ile Roadster ilikuwa imepoteza karibu sehemu moja ya tano, wakati WRX iliyopita mbele yake ina taabo inayofidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kijana aliiona WRX ikipita kwa sekunde chache, akadhani na yeye atapita kwa sekunde hizo hizo. Kwa hiyo ninaposema usimfuate mwenzako kulipita lori kwa sababu tu yeye amepita, sizungumzii ujasiri. Magari mawili yaliyo sawa pale Kyela hayako sawa yakifika juu.

Mchangiaji kutoka Iringa

Mkuu, nimesoma hadi mwisho na ninashukuru, lakini sikubaliani nawe katika jambo moja. Uzuri wa msafara ni magari kuonekana pamoja. Ukiyagawa manne manne kwa dakika kumi, watu waliosimama Ipogolo kutusubiri wataona magari yanayopita kama magari mengine yoyote. Watoto wanatoka majumbani, mafundi wanaacha kazi zao, wazee wanauliza haya magari yanatoka wapi. Hilo nalo ni sehemu ya furaha yetu na ya kwao, na klabu nyingi zimepata wanachama kwa njia hiyo. Aidha, ninaomba ueleze kuhusu mteremko wa Kitonga, kwa maana sisi tukitaka kwenda Mikumi hatuna njia nyingine.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Iringa, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Sisi tulitatua hivi: makundi yanakutana kwenye eneo la wazi kabla ya mji, wote wanapumzika, wanafuta vumbi, kisha tunaingia mjini pamoja kwa mwendo wa kilomita 30, baada ya kuwaarifu askari wa usalama barabarani mapema na kufuata mwongozo wao. Hapo Ipogolo panafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu mnaiacha barabara kuu ya malori na kupanda kuingia mjini, na watu wanapata muda wa kutosha kuyaangalia magari yakipita taratibu. Tumegundua kwamba gari la spoti linapendeza zaidi likipita polepole kuliko likipita kasi. Mtoto anaona usukani, anaona viti, anapungiwa mkono. Kunguruma kwa makusudi mbele ya shule, zahanati au nyumba yenye msiba tumekupiga marufuku kabisa, na aliyerudia tulimwomba apumzike safari mbili.

Kuhusu Kitonga, kwanza ondoeni mawazo ya kulipita gari lolote katika kipande kile. Barabara imebanwa kati ya ukuta wa mlima na bonde, malori ya Tunduma yanakuja kwa foleni pande zote mbili, na kona moja inaweza kuwa na lori lililoharibika lililowekewa matawi ya miti barabarani kama tahadhari. Mkishateremka hadi Ruaha Mbuyuni, simameni, nunueni vitunguu, mpate kivuli cha mibuyu na kuacha breki zipoe.

Nikigusa breki ni lazima nieleze kidogo, kwa kuwa hapa ndipo magari mengi ya klabu yanapokamatwa na milima yetu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu. Yakiwa mapya, ya daraja la DOT 4 yanachemka kuanzia nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155. Ya DOT 3 yanaanzia 205 na kushuka hadi karibu 140. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana dereva anakanyaga pedeli ikazama hadi chini bila gari kushika. Mwenzetu mmoja mwenye Mark X aliteremka kutoka Tukuyu akiwa ameacha gia ya otomatiki kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, njia nzima, mguu haubanduki kwenye breki. Tulipofika chini, harufu ya kuungua ilisikika kabla hajafungua mlango, na pedeli ilikuwa laini kama sponji. Mafuta yake yalikuwa hayajabadilishwa tangu gari lishuke bandarini. Siku hizi hatumpokei mtu kwenye safari ya mteremko mkubwa kama hajayabadilisha ndani ya miaka miwili, na tunamfundisha kila mwenye gia za otomatiki kushusha gia kabla ya mteremko kuanza, wala si akiwa tayari katikati yake.

Mchangiaji kutoka Njombe

Shikamoo kaka, na wengine wote salaam. Mimi ni mke wa mwanachama, na ninaomba nizungumze kwa niaba yetu sisi tunaokaa viti vya pembeni. Safari nyingi zinapangwa kana kwamba gari halina abiria. Tunaendeshwa saa nne mfululizo, tukisimama ni kwenye sheli, wanaume wanafungua boneti na kuzungukia injini, kisha tunaambiwa twende. Watoto wanachoka. Hali ya hewa ya huku kwetu mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali, na gari la kufungua paa halina joto la kutosha kwa mtoto. Nimefurahi kusoma habari za yule dada aliyekaa kwenye ngazi, kwa sababu mara nyingi abiria ndiye anayeiona hatari kwanza na ndiye asiyeulizwa.

Mleta uzi

Marahaba dada, na asante sana kwa maneno haya, ninayakubali yote. Katika kikao cha kujadili tukio lile tulimwita yule dada aeleze alivyoona, na alitueleza kwamba alikuwa amemwomba kaka yake asubiri, mara mbili. Tangu hapo abiria wa mbele ana kazi na ana mamlaka: yeye ndiye anayeshika simu na redio ya upepo, yeye ndiye anayetaja kituo kinachofuata, na akisema "tusimame", dereva anasimama bila mjadala, maelezo yatafuata.

Kuhusu vituo, tumeacha kuvipanga kwa kilomita na tunavipanga kwa kitu cha kuona au cha kula. Kati ya Iringa na Mbeya kuna takriban kilomita 330, na mtu anayezikimbia anapitwa na mengi. Isimila iko kilomita 20 hivi tu kutoka Iringa mjini, ambako utaona nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Watoto wetu walikaa pale saa mbili na hakuna aliyeuliza tunaondoka lini. Kalenga kuna makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na nilipowaona vijana wa klabu, ambao kwa kawaida wanazungumzia taabo na ekzosi, wakivua kofia na kunyamaza mbele yake, nilijua safari ile imefanya kazi yake. Mafinga kuna misitu ya misonobari ya Sao Hill pande zote, na ni mahali pazuri pa kula chakula kilichobebwa kutoka nyumbani. Upande wa Tukuyu, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira ni kituo kizuri, na ndizi za kupikwa za Rungwe ukizipata za moto hutakumbuka chipsi.

Kitulo, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, nayo inapendwa na kina mama kwa maua yake ya kati ya Desemba na Aprili, lakini hapo ninawaomba muache magari ya chini. Barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57 maarufu, ni ya vumbi na mawe, na msimu wa maua ndio msimu wa mvua. Sisi tuliyaacha magari yetu Chimala kwenye uwanja wenye mlinzi, tukakodi Coaster, tukaimba njia nzima. Kwa wengi wetu ndiyo safari iliyotuunganisha kuliko zote, ingawa hakuna aliyeshika usukani wake.

Mchangiaji mwingine wa Mbeya

Naomba ufafanuzi wa michango na vinywaji. Katika kundi letu haya mawili ndiyo yanayovunja urafiki.

Mleta uzi

Kila mtu anajaza mafuta yake, na tangi linajazwa kabla ya kufika mahali pa kukutania, ili watu 14 wasisimamishwe na mmoja. Mchango wa pamoja ni wa gari la msaada tu, ambalo kwetu ni pikapu ya mwanachama fundi yenye jeki kubwa, pampu, kamba ya kuvutia, pembetatu za tahadhari na vizima moto viwili. Baadhi ya magari ya spoti hayana tairi la akiba, na pancha moja kati ya Igawa na Makambako inaweza kula nusu ya siku. Kuhusu vinywaji, anayeendesha hanywi hadi ufunguo uwe mezani na safari ya siku iwe imekwisha. Anayetaka kunywa mchana atafute dereva, na wapo wanaofanya hivyo kwa heshima kabisa.

Safari yetu inayofuata ni ya Njombe kupitia Makambako, makundi matatu, vituo Chimala na Makambako, na tumekubaliana na dada wa Njombe hapo juu kwamba mablanketi ya watoto yatakuwa kwenye pikapu. Yule kijana wa Roadster amepangwa kundi la pili, nafasi ya pili. Dada yake hajapanda gari la klabu tangu siku ile ya Isongole. Jana ametuma ujumbe kwamba atakuja, na ameomba akae kwenye gari la mwisho la kundi la mwisho, ashike redio.